Jinsi ya kupanga visanduku vya katuni ya mkulima

Huku Karagwe na Kyerwa nawachorea wakulima katuni za ukurasa mmoja kuhusu mnyauko wa bakteria wa migomba, ugonjwa uliothibitishwa Kagera mwaka 2006. Wadudu huusambaza wanapotua kwenye ua dume, na panga lililokata mgomba mgonjwa huupeleka kwa mzima. Ndiyo maana mpangilio wa picha ni sehemu ya ushauri. Mkulima akiruka picha ya kusafisha panga, atautembeza ugonjwa shamba zima.

Tendo moja, kisanduku kimoja. Orodhesha matendo kabla ya kuchora. Kwenye A4 visanduku sita vinatosha. Juu weka vitatu: majani yamenyauka, mgomba unakatwa, panga linapitishwa motoni. Chini: ua dume linaondolewa, migomba iliyobaki inakaguliwa, jirani anaarifiwa.

Pima nafasi. Acha milimita 5 kati ya visanduku vya mstari mmoja na milimita 10 kati ya mistari. Jicho huvuka kwanza penye nafasi ndogo, kwa hiyo litakwenda kulia kabla ya kushuka.

Kisanduku kirefu kikae kushoto. Picha ya ua dume inahitaji urefu: mkungu unaning'inia, kichane cha mwisho kimeshatokea, na mkono unalivunja ua kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu. Ukiiweka kulia kwa visanduku viwili vilivyopandana, msomaji atasita: avuke au ashuke? Ikikaa kushoto, anaimaliza, anavuka, kisha anashuka.

Elekeza miili. Anayefanya kazi atazame kisanduku kinachofuata. Anayeanza kusema, maneno yake yakae juu kushoto.

Fikiria kopi. Katuni hizi hutolewa kopi nyeusi na nyeupe, na njano hupotea kabisa. Onyesha ugonjwa kwa umbo: majani yaliyolegea na kukunjika. Acha milimita 15 pembezoni, kwani mashine nyingi hukata kingo.

Jaribu bila maneno. Funika maandishi, kisha mwombe mkulima akueleze hadithi kwa Kinyambo huku akifuata picha kwa kidole. Kidole kikisita, usikimbilie kuchora mshale. Hamisha kisanduku, umpe na mwingine ajaribu. Toa kopi pale tu wanapofika wote kwenye moto kabla ya kugusa mgomba wa pili.