Mwache Mzee Ainuke Mwenyewe

Ukifanya kazi kwenye makazi ya wazee, adui wako wa kwanza ni huruma. Bibi anataka kuinuka akachukue kikombe, unamwambia, "Kaa tu bibi, nakuletea." Anataka kufua kanga yake, unampokonya beseni. Miezi michache baadaye hainuki kitini mpaka ashikwe kwapani, nawe unasema uzee umemzidi. Uzee upo, lakini misuli isiyotumika hunywea hata kwa kijana.

Haya yanakuhusu uwe mhudumu wa Nunge Kigamboni, Kolandoto Shinyanga, Sebleni au Welezo Unguja, au wa kituo kidogo cha watawa ambacho hakina hata kibao cha jina. Jimu huhitaji. Tafuta viti imara, ukuta, kanga chache, chupa za maji na nusu saa.

Na usikubali kuambiwa umechelewa. Mwaka 1994 daktari Maria Fiatarone na wenzake wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya wazee 100 dhaifu waliokuwa wakiishi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 87. Waliofanya mazoezi mazito ya miguu chini ya msimamizi, siku 3 kwa wiki kwa wiki 10, nguvu za misuli yao ziliongezeka zaidi ya maradufu. Kama wa 87 anaweza, babu yako wa 72 asitafutiwe visingizio.

Kwanza pitia majina. Kaa na muuguzi mwulizane: nani ana shida ya moyo, nani presha yake haijatulia, nani ameanguka karibuni, nani anachoma insulini. Hao daktari awaone kwanza. Wengine waanze kesho, kidogo kidogo.

Halafu acha kusema "njooni tufanye mazoezi". Kwa wazee wengi mazoezi ni mambo ya wanafunzi na askari. Toa shikamoo, kisha omba msaada: "Babu, mchicha wangu unakauka, hebu njoo unisaidie kumwagilia." Aliyekuwa mvuvi mpe wavu ulioraruka, autundike ukutani autengeneze akiwa amesimama. Aliyekuwa mkulima mpe tuta lake la mboga, uliinue kwa matofali asipate shida ya kuinama. Bibi wa Pwani aliyesuka ukili tangu usichana, mpe miyaa asuke. Ila fungu la miyaa liweke upande wa pili wa baraza, ili kila zikimwishia aende kuzifuata. Atakulaumu kwa uvivu wako. Nyamaza.

Zoezi moja ukilijua vizuri litakutosha mwezi wa kwanza: kuinuka na kukaa. Ndilo linalompeleka mtu chooni bila kushikwa, na hakuna mzee anayefurahia kushikwa aendapo chooni.

Kiti kiwe na mikono na kiegemezwe ukutani. Cha plastiki huteleza kwenye vigae. Kama huna kingine, kisukumize kwenye kona. Mzee akikaa, magoti yasiwe juu kuliko nyonga. Kigoda waachie wakuna nazi.

Mwambie asogee mpaka ukingoni mwa kiti. Miguu airudishe nyuma kidogo, nyayo zote ziguse chini. Ainame mbele mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, asukume mikono ya kiti, asimame. Ahesabu moja mpaka tatu. Kisha akae polepole, asijibwage, kwa sababu kwenye kukaa polepole nako mapaja hufanya kazi kweli. Mara 5, apumzike, mara 5 tena. Akizoea, asukume kwa mkono mmoja. Akizoea zaidi, mikono aikunje kifuani.

Wewe simama ubavuni, kiganja chako kiwe karibu na mgongo wake bila kumgusa. Atachelewa. Utatamani kumvuta mkono ili mmalize. Usimvute, utamuumiza bega, na utakuwa umemfanyia zoezi lake.

Baada ya hapo fundisha usawa wa mwili. Ashike ukingo wa dirisha au mgongo wa kiti kizito, anyanyue visigino na kuvishusha. Kisha anyanyue mguu mmoja kidogo, halafu wa pili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linawataka wenye miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi ya nguvu na usawa siku 3 au zaidi kwa wiki. Chagua Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, usizibadilishe ovyo.

Saa 3 asubuhi, chai ikishateremka, ni wakati mzuri. Jioni subiri saa 11 jua lipoe. Mwezi wa Ramadhani, waliofunga waachie baada ya futari. Na anayeweza kuswali kwa kusimama, hata rakaa moja, asikimbiziwe kiti.

Siku moja kwa wiki ifanye ya kucheza. Panga viti mduara, washa redio kwenye zilipendwa au taarabu, leta mpira wa makaratasi. Warushiane. Wasiosimama waupige kwa mguu wakiwa wamekaa. Chupa ya nusu lita ikijaa maji ina uzito wa karibu nusu kilo: moja kila mkono, zipande mpaka mabegani, zishuke. Kanga ikisokotwa, wawili wavutane taratibu. Akiweza kuimba wimbo mzima bila kutweta, ongeza mwendo. Akishindwa kuitikia salamu, punguza.

Aliyepata kiharusi naye ana nafasi kwenye mduara. Afumanishe vidole vya mkono mzima na vya mkono uliolegea, ainue yote miwili taratibu, isipite kifua. Anayesahausahau usimpe maelezo marefu. Kaa mbele yake ufanye, atakuiga. Neno moja, kitendo kimoja.

Sasa tazama miguuni. Kandambili ndizo zinazoangusha watu kwenye makazi yetu, hasa zikiwa zimelika na sakafu imepigwa deki. Tafuta sendo zenye mkanda wa nyuma. Mikeka iliyojikunja kingo iondoe njiani. Pindua kila bakora uangalie mpira wa chini. Ukiona mti umetokeza, bakora hiyo itamwangusha mwenyewe. Mpira mpya ni bei ndogo kuliko nyonga iliyovunjika.

Asubuhi usimwamshe mzee na kumsimamisha papo hapo. Presha inaweza kushuka ghafla akaanguka. Akae ukingoni mwa kitanda dakika 2, achezeshe vifundo vya miguu, ndipo asimame.

Akisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, akikata pumzi, akitoka jasho la baridi au ulimi ukiwa mzito, acha hapo hapo na mwite muuguzi. Misuli kuchoka ni kawaida. Goti likiuma mpaka kesho yake, ulizidisha.

Maji pia. Wazee wengi hujinyima kunywa kwa kuogopa safari za choo usiku. Wape mchana, kidogo kidogo, kila mnapopumzika. Mwenye shida ya moyo au figo afuate kiasi alichoambiwa na daktari.

Weka daftari. Mara moja kwa mwezi shika saa: ndani ya sekunde 30, anainuka na kukaa mara ngapi? Andika, umwonyeshe. Wazee ni washindani kuliko unavyodhani. Babu akisikia jirani wa kitanda cha pili amemzidi kwa moja, utamkuta anajifua peke yake barazani.

Wageni nao watumie. Vikundi huja na sabuni, mchele na kamera, wazee wakapangwa kwenye benchi, wakapigwa picha, basi. Wapokee vizuri, kisha wape kazi: kila kijana amchukue mzee mmoja, watembee mpaka mwembeni na kurudi, kwa mwendo wa mzee. Picha zitapatikana huko huko. Ndugu anayekuja kumtembelea mama yake naye mwambie hivyo hivyo. Mazungumzo ya kutembea huwa marefu kuliko ya kukodoleana macho kitandani.

Anayekataa usimlazimishe wala usimsimange. Hapo ni kwake. Mwekee kiti karibu na mduara atazame, kesho umwombe kazi nyingine.

Na wewe unayepanga zamu, andika nusu saa hii kwenye ratiba, na jina la mhusika pembeni yake. Mhudumu mmoja mwenye wazee wengi, deki, kufua na kulisha hawezi kuiiba nusu saa hiyo kila mara kwa mapenzi yake tu. Isipoandikwa, haitafanyika.