Utafiti wa Afya Ukibisha Hodi Kijijini

Ndugu mkazi, utafiti hupima tiba kwa wale walioshiriki. Jamii isiyofikiwa, kama wafugaji wanaohamahama au Wasandawe wa Farkwa na Kwa Mtoro, hukosekana katika majibu, na huduma hupangwa pasipo kuijua.

Mkoa wetu una mfano mzuri. Wilayani Kongwa, trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kuleta upofu, uliwasumbua wakazi kwa miaka mingi. Watafiti walivipatia vijiji sita dawa ya macho; vitatu kati yake viliongezewa uhamasishaji wa kuosha nyuso za watoto, ukiwashirikisha wakazi wenyewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionesha kuwa trakoma kali ilipungua zaidi katika vijiji hivyo vitatu.

Basi, mtafiti anapofika, zingatieni haya:

1. Aoneshe kwa Mtendaji wa Kijiji kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na barua ya utambulisho.
2. Aeleze kusudi lake kwa lugha mnayoielewa, akiwa na mkalimani inapobidi.
3. Ridhaa ni ya mhusika. Mwenyekiti hufungua mlango wa kijiji tu; haridhii kwa niaba ya mtu mzima mwingine.
4. Waweza kukataa au kujitoa wakati wowote, bila kunyimwa matibabu.

Ulizeni pia: damu yetu itapelekwa wapi, na majibu yatarudi lini? Kuuliza si utovu wa adabu. Ni haki yenu.