SOMO: MSHAHARA NA MLANGO WA HOSPITALI YA WAGONJWA WA AKILI



Zamani, katika nchi nyingi, mtu aliyeugua akili alipelekwa katika hospitali kubwa yenye ukuta na kufuli, akakaa humo hata uzee. Katika somo hili tunatazama jinsi mji wa Trieste, nchini Italia, ulivyoachana na desturi hiyo. Linatuhusu sisi wanachama kwa sababu mshahara ulikuwa na sehemu kubwa katika jambo lenyewe.

Daktari Franco Basaglia alipokabidhiwa hospitali ya San Giovanni mwaka 1971, ilikuwa na wagonjwa wapatao 1,200. Wako waliofagia wodi, waliosaidia jikoni na waliotunza bustani. Kazi hiyo iliitwa tiba, na kwa kuwa iliitwa tiba, haikuwa na mshahara. Sisi tunaiita kazi ya bure.

Mwaka 1972 wagonjwa wapatao 60 waliunda chama cha ushirika. Kazi ilikuwa ileile, lakini sasa kwa mkataba na kwa malipo ya kiwango cha vyama vya wafanyakazi. Mwenye mshahara anaweza kulipa kodi ya chumba, na mwenye chumba ana mahali pa kwenda mlango unapofunguliwa. (Mwaka huohuo iliandikwa barua kwa niaba ya Marco, farasi mzee aliyevuta mkokoteni wa nguo za kufuliwa, kuomba astaafu badala ya kuchinjwa. Ombi lilikubaliwa.)

Kuanzia mwaka 1975 vilifunguliwa vituo mitaani, vyenye vitanda vichache. Wauguzi walihamia huko pamoja na kazi yao, wakawa wanawatembelea wagonjwa majumbani. Ndipo ikaja Sheria namba 180 ya tarehe 13 Mei 1978, iliyokataza kujenga hospitali mpya za namna ile nchini Italia nzima. Hata hivyo, sehemu nyingine za nchi zilichelewa sana, na hospitali za mwisho zilifungwa miaka ya 1990.

Marekani mambo yalikwenda vingine. Mwaka 1963 Rais Kennedy alitia sahihi sheria ya vituo vya jamii. Wagonjwa walitolewa hospitalini kwa maelfu, lakini vituo vingi vilivyoahidiwa havikujengwa. Mwaka 1975 chama cha AFSCME, cha wafanyakazi wa serikali za majimbo na miji, kilitoa kitabu kueleza kwamba watu wametolewa vitandani na kuachwa barabarani. Bila shaka chama kilitetea pia kazi za wanachama wake, nasi hatuoni kosa katika hilo. Habari ya barabarani ilikuwa kweli.

Maswali ya kujadili tawini:

1. Katika hospitali iliyo karibu nanyi, mgonjwa anayefanya usafi hupewa nini?

2. Ikitangazwa kwamba wodi ya wagonjwa wa akili itafungwa, tawi litadai nini kabla ya mgonjwa wa kwanza kutoka, na litadai kwa nani?