Goti Lililoumia: Je, Limekuwa Imara?

Mara kwa mara twaona kijana aliyeanguka kiwanjani, goti likamvimba, akakaa nyumbani majuma mawili, na uvimbe ulipokwisha akarudi kucheza mpira. Baada ya michezo michache, akigeuka kwa ghafula, goti humlegea naye huanguka tena bila kuguswa na mtu. Jirani zake husema ana bahati mbaya. Ukweli ni kwamba goti lake halikupata kupimwa. Maumivu ni jambo moja na uimara ni jambo jingine; la kwanza laweza kwisha kabisa na la pili lisirudi.

Katika goti, mfupa wa paja umekaa juu ya mfupa wa muundi, wala haukuingia ndani yake kama mchi katika kinu. Kinachoizuia mifupa hiyo isiteleze ni kano nne, yaani kamba ngumu ziungazo mfupa kwa mfupa: mbili ziko ubavuni, moja kila upande, na mbili zimepishana ndani ya goti kama msalaba. Katika hizo zilizopishana, ile ya mbele ndiyo ikatikayo sana michezoni, na mara nyingi si kwa kugongwa, bali mchezaji atuapo vibaya au ageuzapo mwili hali wayo umekaza ardhini. Wengi husikia mlio, na goti huvimba katika saa chache kwa sababu damu imeingia ndani. Uvimbe wa upesi hivyo si wa kupuuzwa, wala si wa kuchuliwa kwa nguvu. Na mtu asiyeweza kwenda hatua nne, au kukunja goti hata nyuzi 90, yampasa kupigwa picha ya eksirei, kwani huenda mfupa umevunjika.

Daktari huanza na mguu mzima, ndipo aushike ulioumia, maana watu hawafanani. Wengine wamezaliwa na viungo vilivyolegea. Mgonjwa hulala chali. Daktari hukunja goti kidogo, kama nyuzi 20 hadi 30, hushika paja kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili huvuta muundi kuja mbele. Kano ikiwa nzima, muundi husogea kidogo kisha husimama ghafula, kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba yake. Ikiwa imekatika, muundi huzidi kuja. Njia hii yaitwa kwa jina la John Lachman, daktari wa Philadelphia huko Marekani, nayo ilielezwa kwa maandishi mwaka 1976 na mwanafunzi wake, Joseph Torg. Njia ya zamani, ya kuvuta goti likiwa limekunjwa nyuzi 90, ingali yatumika. Lakini mwenye goti lililovimba hawezi kulikunja hivyo bila kukaza misuli, na misuli iliyokazwa huficha kasoro. Kazi hii ni ya mtu aliyefundishwa, si ya marafiki walio kando ya kiwanja.

Hatari ya goti lisilo imara haiko kwa wachezaji peke yao. Mchuma chai ashukaye mteremko na kikapu mgongoni hulihitaji vilevile. Kila mara goti linapolegea, gegedu iliyo kati ya mifupa husagwa, na gegedu iliyochanika haiponi kwa urahisi.

Kisha huja mazoezi, na hapo ndipo wengi wakosapo subira. Misuli ya paja hukonda upesi sana mguu usipotumika, kwa hiyo nguvu zake hupimwa tena na tena na kulinganishwa na za mguu wa pili. Mtaalamu akisha kutoa ruhusa, mgonjwa huruka kwa mguu mmoja, na urefu wa mruko hupimwa kwa futi kamba. Wengi hutaka mguu ulioumia ufikie walau sehemu 90 katika 100 za ule mzima. Uchunguzi wa Norwe uliochapwa mwaka 2016, juu ya watu waliokuwa wamepasuliwa na kuwekewa kano mpya, ulionyesha kwamba kila mwezi waliongoja kabla ya kurudi michezoni, hata kufika mwezi wa tisa, ulipunguza kuumia tena kwa karibu nusu.

Lakini futi kamba haioni yote. Mtaalamu hutazama pia jinsi mtu anavyotua: mwenye kuruka mbali, kisha goti likaangukia upande wa ndani, hurudishwa kwenye mazoezi.