Mavuno Yakauke Kabla ya Kuingia Ghalani

Mvua za Mkoa wa Singida hunyesha msimu mmoja kwa mwaka, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kinachovunwa baada ya hapo ndicho kinacholisha kaya mpaka mavuno mengine. Kwa hiyo kazi ya mkulima haiishii shambani. Sehemu yake kubwa hufanyika uani, wakati wa kuanika, kupembua na kuhifadhi.

Adui ni unyevu

Nafaka na karanga zikihifadhiwa na unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, wala haitoweki kwa kupikwa. Mwaka 2016, katika mikoa jirani ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kutokana na sumukuvu na 20 kati yao walifariki dunia. Chakula kilichohusishwa na maafa hayo ni mahindi ambayo kaya zenyewe zilikuwa zimelima. Hata anayekula sumu hiyo kidogo kidogo kwa miaka mingi huliweka ini lake katika hatari ya saratani.

Nafaka

Mahindi, mtama na uwele vianikwe juu ya turubai, mkeka au kichanja, kamwe si juu ya ardhi tupu, kwa kuwa kuvu huishi udongoni. Jioni vikusanywe na kufunikwa ili umande usivirudishie unyevu.

Kupima ukavu hakuhitaji kifaa cha gharama. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia chumvi kavu kidogo, kisha jaza nafaka hadi theluthi ya chupa. Funga, tikisa, uiache kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda, nafaka ianikwe siku moja zaidi, kwa sababu ghalani unyevu haupaswi kuzidi asilimia 13.5.

Karanga

Karanga zikaushwe na maganda yake mpaka zisikike zikicheza ndani zinapotikiswa. Wapo wanaozilowesha ili zibanguke kwa urahisi. Desturi hiyo iachwe, kwani huirudisha kazi yote nyuma. Punje zilizovunjika, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi zitengwe na kutupwa. Zisipikiwe pombe wala wasipewe mifugo: ng'ombe akila chakula chenye sumukuvu, sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Mboga za majani

Mlenda, majani ya kunde na majani ya maboga huhitaji uangalifu wa namna nyingine. Yachambuliwe na kuoshwa. Majani ya kunde na ya maboga yatiwe katika maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, kisha yachujwe. Yote yaanikwe kivulini penye upepo, yakifunikwa kwa chandarua safi kuzuia nzi na vumbi. Jua kali hupunguza vitamini A. Yakivunjika mkononi kama karatasi kavu, yahifadhiwe katika chombo chenye mfuniko unaobana.

Kazi ya kaya nzima

Likizo ya Juni huwakuta watoto nyumbani. Ni wakati mwafaka wa kuwafundisha kuchambua punje mbovu, na wa bibi kuwaonyesha wajukuu ususi wa ungo na kihenge. Kihenge kiinuliwe juu ya ardhi, na mabaki ya mwaka uliopita yaondolewe kabla ya kujazwa, maana humo ndimo dumuzi hujificha. Kaya inayotumia mifuko isiyopitisha hewa ihakikishe nafaka imekauka vema kwanza. Mfuko haukaushi kilicho kibichi.

Mwenye shaka juu ya mavuno yake amwone afisa ugani wa kata kabla ya kuyala au kuyauza.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini nafaka isianikwe juu ya ardhi tupu?
2. Chumvi ikiganda kwenye chupa, hatua inayofuata ni ipi?
3. Kwa nini karanga zisiloweshwe kabla ya kubanguliwa?