Asubuhi Huandaliwa Jioni
Kijitabu cha familia yenye mtoto wa shule ya msingi

Ukitaka kujua mtoto wako wa darasa la pili atafika shuleni kesho akiwa katika hali gani, mtazame leo saa 2 usiku. Kama bado yuko barazani na simu ya mjomba mkononi, soksi moja haijulikani ilipo na wali ndio kwanza unapaliwa moto, basi kesho mtarudia yale yale: kelele, machozi, chai ya kuunguza ulimi, kisha mwalimu wa zamu getini. Wazazi wengi hupambana na asubuhi, ambayo haina dakika za kupambania. Jioni ina nafasi, na kijitabu hiki kinaanzia hapo.

Tumekiandika tukiziwaza nyumba za kawaida za Tanzania: chumba na sebule cha kupanga, baba anayerudi usiku, mama anayetoka alfajiri kwenda kukaanga vitumbua, bibi anayelea wajukuu. Hakuna humu jambo linalodai mtoto awe na chumba chake.

Piga hesabu ya usingizi

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Anzia saa anayotakiwa kuwa njiani, urudi nyuma. Tuseme anatoka nyumbani saa 12 na nusu asubuhi, kwa hiyo anaamka saa 11 na nusu. Ukitoa saa 9 unapata saa 2 na nusu usiku, na hapo tumempa kiwango cha chini kabisa. Anayelala saa 4 usiku na kuamka saa 11 na nusu amepata saa 7 na nusu. Kila usiku anakosa saa moja na nusu. Kwa siku tano za shule amekosa zaidi ya saa saba, karibu usiku mzima.

Mtu mzima asiyelala vya kutosha husinzia. Mtoto mara nyingi hufanya kinyume: hatulii kwenye dawati, anagombana, analia kwa jambo dogo, anasahau alichosoma jana. Shuleni ataitwa mtukutu, na nyumbani pengine atachapwa kwa utukutu huo huo. Kabla ya kumwadhibu, hesabu saa zake za kulala kwa wiki moja.

Usimhamishe ghafla kutoka saa 4 hadi saa 2 na nusu. Atabaki akikodolea macho dari, nawe utakata tamaa. Vuta nyuma dakika 15, kaa hapo siku tatu, kisha vuta tena. Saa nzima kabla ya kulala, simu na televisheni ziwe mbali naye. Mwanga wake huuchelewesha usingizi, na katuni humwacha akiwa amechangamka kuliko alivyoanza. Katika chumba kimoja hili ni gumu, tunajua. Angalau punguza sauti, mgeuzie kioo upande mwingine, na tamthilia ya wakubwa ianze yeye akiwa ameshalala.

Tumia alama zilizopo tayari

Ratiba iliyobandikwa ukutani hudumu wiki mbili. Mazoea yaliyofungwa kwenye jambo linalotokea kila siku bila kuitwa hudumu miaka. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tumepewa zawadi hapa: jua linazama karibu muda ule ule mwaka mzima. Kwa anayeisikia adhana, awe Mwislamu au asiwe, Magharibi inaweza kuwa wakati wa kuoga na kula, na Isha wakati wa mswaki na chandarua. Kijijini, kuku wakiingia bandani michezo imekwisha. Taarifa ya habari ya saa 2 usiku ikianza, mtoto mdogo awe kitandani. Hutahitaji kupiga kelele kila siku, maana alama yenyewe inasema.

Chakula cha usiku ndicho kinachovuruga nyumba nyingi. Mtoto hungoja mpaka baba arudi, baba anarudi saa 3, wanakula, anaingia kulala tumbo likiwa limejaa na usiku umekwenda. Nia ni njema, ni heshima. Lakini mtoto wa shule alishwe mapema na baba atengewe chake. Kula pamoja kwa familia kuwekwe Jumapili mchana, ambapo hakuna anayekimbizana na kengele.

Mezani au mkekani, anawe mikono kwa maji yanayotiririka na sabuni, kwa sekunde zisizopungua 20. Beseni moja la watu sita linahamisha uchafu kutoka mkono hadi mkono. Pasipo bomba, kibuyu chirizi kinatosha: dumu dogo lenye tundu, kamba, na kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Kitundike karibu na choo, mahali ambapo mtoto anakifikia. Kikiwa uani mbali hatakitumia.

Mswaki wa usiku ndio mkubwa

Nyumba nyingi hupiga mswaki asubuhi tu, kabla ya chai. Usiku mate hupungua kinywani, na mabaki ya wanga na sukari hubaki yakiyala meno mpaka kunakucha. Ukilazimika kuchagua mara moja ya kusimamia kwa ukali, chagua ya usiku, na baada yake asile wala asinywe kitu zaidi ya maji. Dawa iwe yenye floraidi, kiasi cha punje ya njegere. Ateme povu, asisukutue kwa maji mengi, ili dawa ibaki kwenye meno. Wa darasa la kwanza hawezi kujisafisha vizuri peke yake. Msimamie, na yale ya nyuma umalizie wewe.

Wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara wanaoishi penye maji yenye floraidi nyingi wasikilize zaidi hapo kwenye kutema. Meno ya kahawia hupatikana wakati meno yangali yanajijenga, mtoto akimeza floraidi kupita kiasi kwa miaka. Dawa ya mswaki isiachwe, ila isimezwe.

Chandarua kinamfuata mtoto

Tazama jinsi inavyokuwa katika nyumba zetu. Mtoto anasinzia kwenye mkeka sebuleni saa 2. Wageni wapo, kitanda kiko ng'ambo ya pazia, kwa hiyo anaachwa. Saa 4 anabebwa kuwekwa chini ya chandarua, na familia inaamini amelala salama. Mbu waenezao malaria huuma usiku, na saa mbili zile alikuwa chakula chao. Chandarua kishushwe kwanza, mtoto aingie, kingo zichomekwe chini ya godoro. Wageni hawataona vibaya.

Mwaka 2013 Serikali ilianza kugawa vyandarua kupitia wanafunzi katika mikoa ya kusini: Lindi, Mtwara na Ruvuma. Chandarua ambacho mwanafunzi amekileta kutoka shuleni kitundikwe penye watu wanaolala. Kukizungushia bustani ya mchicha ni kubadilisha afya kwa mboga. Watoto wa umri wa shule ni miongoni mwa wanaobeba sana vimelea vya malaria, mara nyingi bila kulala kitandani kwa homa. Mtoto anapauka, anachoka, na tunasema ni mvivu.

Sare, begi, viatu

Kabla ya kulala, vitu vitatu viwe mahali pamoja. Sare iliyofuliwa, begi lenye madaftari ya kesho, viatu na soksi zake mbili. Mwenye kuvipanga ni mtoto mwenyewe, tangu darasa la kwanza. Atakosea, na siku moja atafika bila penseli, vumilia hapo.

Anachokula kabla ya kwenda

Chai ya rangi peke yake haimfikishi mtoto saa 4. Uji wa ulezi au wa dona, viazi vitamu, mihogo, kiporo cha maharage kilichochemshwa upya mpaka kitokote: vyote ni chakula kizuri cha asubuhi, na vingi vinaweza kupikwa jana yake. Karanga ni nzuri pia, ila chambua. Zilizoota ukungu au kunywea zina hatari ya sumukuvu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na kuzikaanga hakuiondoi. Chai isiandamane na chakula chenye maharage au mboga za majani, kwa kuwa huzuia mwili kuchukua madini ya chuma, ije baadaye. Shule inapotangaza siku ya dawa za minyoo na kichocho, mhakikishie mtoto chakula kwanza.

Kuhusu hela ya matumizi: ukimpa, mwambie ya nini. Vinginevyo itaishia kwenye ubuyu na barafu za rangi.

Mchana ni wa kucheza

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 achangamshe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Rede, kombolela, chandimu na kuruka kamba vinatosha kabisa. Tunaloliona mitaani ni kwamba wavulana hupata saa hiyo na wasichana hupata ndoo. Kuchota maji ni mazoezi, lakini si mchezo. Gawa kazi sawa, kaka naye aoshe vyombo. Tuisheni inayomtoa mtoto wa darasa la tatu kwenye dawati moja na kumkalisha kwenye jingine mpaka giza inamnyang'anya mchezo na usingizi kwa pamoja, nasi hatuoni faida yake.

Kazi za shule zifanyike kabla jua halijazama. Koroboi ina moshi na inaunguza nyumba. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kusema, "Nionyeshe mlichoandika leo," na mtoto akaeleza. Hiyo ni kusimamia tosha.

Kunapoharibika

Ramadhani, msiba, harusi na likizo vitavuruga kila kitu. Kulala mchana kwa siku hizo kunasaidia. Wiki moja kabla shule hazijafunguliwa, anza tena kuvuta saa ya kulala kidogo kidogo.

Lipo jambo moja ambalo halirekebishwi kwa ratiba wala fimbo. Mtoto anayekojoa kitandani hafanyi kusudi. Wengi huendelea mpaka miaka 7 na kupita, na kipigo hakiponyi. Akiwa alishaacha kwa miezi kadhaa kisha akaanza tena, au ana kiu isiyo ya kawaida, anaumwa akikojoa, au anakoroma na kukatika pumzi usingizini, mpeleke zahanati. Na kama ameanza kuogopa kwenda shule au kuogopa mtu fulani nyumbani, msikilize bila kumkatisha. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, na kupiga ni bure.