Majogoo vijana wanasumbua kiwanjani: uza lini, bakiza yupi

Leo nimeona tuongee kuhusu majogoo, na siyo wale wakubwa. Nazungumzia wale wa miezi minne mpaka saba, ambao hata kuwika bado hawajajua vizuri lakini fujo zao zimejaa kiwanja kizima. Wazee humwita jogoo anayeanza ukubwa pora. Mwezi huu nimepigiwa simu tatu kuhusu tatizo hili, na zote zilianza vilevile: "Mtaalamu, kuku wangu wamepunguza kutaga." Hakuna aliyetaja majogoo. Nilipofika ndipo nikawaona, wanakimbizana kama watoto waliotoka shule.

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana nililifanya hapahapa Rudewa na aliyelipia ni mtu mwingine.

Mwaka juzi kijana mmoja wa Gongoni alikuwa na mitetea 18, jogoo mmoja mzee, na majogoo vijana 11. Anafuga nusu huria kama wengi wetu: asubuhi anawafungulia, anawarushia pumba kidogo, wanazunguka kujitafutia, jioni wanarudi bandani. Karibu na Krismasi akapata mteja kutoka Dumila aliyemtaka yule jogoo mzee kwa bei nzuri. Akaniuliza. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa: uza mzee, vijana si wapo, atakayewashinda wenzake ndiye atakuwa mbegu yako.

Baada ya wiki tatu akaniita. Mitetea wanne walikuwa na migongo mitupu, manyoya yamekwisha, na wawili walikuwa wamechanika ubavuni chini ya bawa. Wengine walikuwa wamekataa kabisa kurudi bandani, wanalala juu ya mwembe na kutaga vichakani upande wa mkonge, mayai yakawa ya kenge na nguchiro. Yale aliyofanikiwa kuokota aliyaatamisha, mayai 36 chini ya kuku watatu. Wakatoka vifaranga 13. Na mtoto wa dada yake, miaka mitatu, alipigwa na jogoo juu kidogo ya jicho. Mama mwenye nyumba hakunigombeza. Alinipa kiti, akasema tu, "Haya baba, hao ndio mbegu uliyotuambia."

Sijasahau. Hapa kijijini wananiita daktari ingawa nina stashahada tu, kwa hiyo neno langu likitoka linafuatwa. Ndiyo maana nimekaa nikalifikiria jambo hili zaidi ya nilivyofundishwa chuoni.

Nilikosea wapi

La kwanza, nilimwondoa polisi. Jogoo mzee aliyekomaa anawazuia vijana. Kijana akimfuata mtetea, mzee anakuja mbio na kijana anakimbia. Mzee mwenyewe ana adabu yake: anaita kuku akipata chakula, anashusha bawa na kuzunguka, mtetea anakaa mwenyewe. Kijana hajui hayo. Anakimbiza, anang'ata shingo, anapanda kwa nguvu, na akishuka yeye anapanda mwingine. Mtetea mmoja anaweza kupandwa na majogoo watano mfululizo asubuhi ile unapofungua mlango. Mgongo utabaki na manyoya kweli?

La pili, nilidhani mshindi wa ugomvi ndiye jogoo bora. Siyo lazima. Jogoo anayepigana siku nzima hali vizuri, na hapandi vizuri kwa sababu kila akianza anavamiwa, na yeye akiona mwenzake amepanda anakwenda kumpiga hata kabla hajamaliza. Kupanda kunakuwa kwingi lakini kurutubisha kunakuwa kidogo, ndiyo maana mayai mengi yakatoka maviza. Halafu ukali unarithiwa. Ukichagua mbegu kwa ngumi, baada ya vizazi viwili vitatu una banda la wapiganaji.

La tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, sikuhesabu. Majogoo 11 kwa mitetea 18! Kwa kuku wetu hesabu inayokubalika ni jogoo mmoja kwa mitetea kama 10. Yule kijana alihitaji wawili. Wale tisa wa ziada hawakuwa wakorofi kwa tabia, walikuwa wengi tu. Hata mpole kuliko wote ukimweka katika hesabu ile atakuwa mkorofi.

Tusisahau wanatoka wapi. Vifaranga wakianguliwa, karibu nusu ni madume. Mitetea watano wakiatamia mayai 12 kila mmoja na wakakua 40, jiandae kuwa na majogoo kama 20. Hilo unalijua tangu siku ya kwanza, kwa hiyo siyo ajali.

Hesabu ifanyike wiki ya 10 hadi ya 12

Usisubiri wawike. Kuanzia wiki ya sita au ya nane utaanza kuwatambua: upanga wa kichwani unakuwa mkubwa na mwekundu mapema, miguu inakuwa minene. Karibu na wiki ya 12 manyoya ya shingoni na ya kiunoni ya dume yanachongoka, ya mtetea yanabaki na ncha ya mviringo. Siku hiyo kaa na daftari. Andika mitetea wangapi, majogoo wangapi, wa kubaki wangapi. Mwenye mitetea 10 abakize mmoja na mmoja wa akiba. Mwenye 20 abakize wawili na wa akiba mmoja. Waliobaki wana tarehe ya kuondoka, na iandikwe.

Vijana wengi mnaniambia, "Bosi, nasubiri wanenepe." Sawa, lakini hesabu chakula. Jogoo anayekua anahitaji kama gramu 100 kwa siku, hiyo ni kilo 3 kwa mwezi. Kumi ni kilo 30. Kama unawalisha, kila mwezi unaochelewa unaulipia. Kama huwalishi, wanajitafutia wenyewe na kukimbizana kutwa, basi hawanenepi, wanakonda. Huo mwezi wa kusubiri umepata nini? Na bado hatujahesabu mayai uliyopoteza.

Kwa sikukuu, pangeni kuanzia kwenye uatamishaji. Mayai ukiyaweka wiki ya kwanza ya Julai, siku 21 zinakufikisha mwishoni mwa Julai, na majogoo wanatimiza miezi mitano Krismasi. Pasaka na Idi zinahama kila mwaka, Idi inarudi nyuma kama siku 11, kwa hiyo tazama kalenda uhesabu kurudi nyuma miezi sita hivi.

Sasa katikati hapo, wiki ya 12 mpaka siku ya kuuza, wakae wapi? Watenge. Banda la majogoo watupu linafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani, mradi wasiwaone mitetea. Siri ndiyo hiyo. Ukiwatenga kwa wavu wanaochungulia mitetea, umeanzisha vita. Ziba upande ule kwa matete au maturubai ya zamani. Waingize wote siku moja, ikiwezekana usiku, wasizidi wanne kwa mita moja ya mraba, weka vyombo vya chakula viwili au vitatu mbalimbali, na fito za kulalia zaidi ya moja ili aliyeshindwa apate pa kukimbilia. Wape pumba ya mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa kidogo. Watasukumana siku mbili tatu, kisha wanatulia kwa sababu kila mmoja anajua nafasi yake. Kosa ni kumtoa mmoja ukamrudisha baada ya wiki. Huyo akirudi ni mgeni, watamshughulikia. Akitoka, ametoka moja kwa moja.

Suala la kuchi

Hapa naomba mnisikilize, maana najua mnawapenda. Kuchi ana urefu na uzito, na chotara wake anauzika. Lakini ni kuku wa ugomvi kwa damu, watu wamekuwa wakimfuga kwa ajili ya kupiganisha. Na mitetea wetu wengi wa huku ni wa mwili mdogo, wakiwemo ching'wekwe ambao watafiti wa SUA wamewaandika kama aina ya kuku wa Morogoro. Ukimleta dume la kuchi juu ya mitetea wa namna hiyo, hata akiwa mmoja tu, migongo itaumia kwa uzito peke yake. Ukitaka damu ya kuchi, tumia chotara, siyo kuchi kamili, na chagua mitetea wakubwa wa kukaa naye. Wadogo waweke kwa jogoo wa saizi yao.

Yupi abaki

Siyo anayeshinda wote, wala siyo anayejificha chini ya kihenge. Mtazame asubuhi wakati wa chakula. Anayeita mitetea na kuwaachia wale, anayeinua kichwa kivuli cha mwewe kikipita, miguu imenyooka, kifua kipana, amekua haraka kuliko ndugu zake, na ukiingia na ndoo anakupisha bila kukurukia. Huyo. Na jogoo mzee usimtoe mpaka huyu ametimiza miezi minane hivi, hata mteja akija na noti mkononi.

Majogoo wa kubaki wakiwa wawili, weka maji na chakula sehemu mbili zisizoonana. Watagawana kiwanja wenyewe.

Lakini usibakize mtoto wa jogoo wako akapande mama na dada zake mwaka hadi mwaka. Badilishana na mfugaji wa kijiji kingine. Anayeingia akae peke yake wiki mbili, awe amechanjwa kideri. Ile chanjo ya I-2 ya matone ya jicho inastahimili joto kuliko nyingine na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, hakuna kisingizio. Jambo moja watu hawalijui: jogoo wa zamani akiondoka, mtetea anaweza kuendelea kutaga mayai yenye mbegu yake kwa wiki mbili hivi. Ukitaka vifaranga wa jogoo mpya, mayai ya wiki tatu za mwanzo kula au uza, usiatamishe.

Msimu wa kupanda

Hapa kwetu fujo huongezeka masika yakikaribia. Watu wamepanda mahindi, jirani analalamika kuku wanafukua mbegu, basi kila mmoja anafungia. Kuku waliozoea heka nzima unawabana kwenye banda la hatua nne na majogoo saba ndani. Mwezi huo ndio ninaopata simu nyingi za kuku kudonoana. Kabla hujafungia, punguza madume. Ning'iniza mboga, mchicha au majani ya mpapai, wawe na cha kudonoa. Weka matawi au boksi ambako mtetea anaweza kujificha. Midomo usiwakate, kuku wa kujitafutia bila mdomo atakula nini akifunguliwa?

Aliyejeruhiwa mtoe siku hiyohiyo. Osha kidonda kwa maji ya chumvi, paka ile dawa ya zambarau, GV. Inasaidia kidonda na pia inaficha wekundu wa damu, maana kuku wakiona damu wanadonoa zaidi. Na sisi tunaishi na majaruba ya mpunga, mbu ni wengi. Ndui ya kuku huenezwa na mbu na huingia kirahisi penye michubuko, kwa hiyo banda lenye ugomvi ndilo hukutwa na ndui mapema.

Anayepiga watu

Watoto wasimchokoze kwa fimbo wala kumpiga mateke, wanamfundisha kwamba mtu ni wa kupigana naye. Akikufuata usikimbie, simama, mwelekee, mpishe polepole. Ule mwiba wa nyuma ya mguu ukiwa mrefu, punguza ncha tu kwa tupa, ndani kuna mfupa ulio hai, ukikata chini anatoka damu. Jeraha la mtoto lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni, kisha mpeleke zahanati, hasa likiwa karibu na jicho au limeingia ndani, kwa sababu ya pepopunda. Jogoo aliyempiga mtoto mara ya pili sina dawa yake. Chinja, na usimuuzie mwenzako kama mbegu.

Yule kijana wa Gongoni tuliuza tisa kwa mpigo, tukabakiza wawili, na nikamtafutia jogoo mzima kutoka Mbuyuni wa kuwasimamia. Mitetea walianza kushuka kutoka mwembeni baada ya siku kama kumi. Uatamishaji uliofuata, katika mayai 36 walitoka 29. Mama yake sasa ananikaribisha chai, ingawa kila nikitoa ushauri ananiuliza kwanza kama nimehesabu.

Jumamosi nitakuwa Mbuyuni kwa chanjo ya kideri kuanzia saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mwenye jogoo wa kubadilishana aje naye kwenye tenga, asimfunge miguu na kumning'iniza kwenye pikipiki. Na uje na daftari.